Sauna Haiwashwi kwa Ajili ya Kuta

Baba yangu hawezi kuona kitu kinachotoa joto bila kuuliza nani analipa. Ukimpandisha kwenye gari, kwanza ananyoosha mkono kuzima hita, ndipo afunge mlango. Ukimwekea maji ya moto ya kunawa, anataka kujua yamechemshwa kwa umeme au kwa kuni. Yakiwa ya umeme ananawa haraka kama mwizi. Yakiwa ya kuni anajimwagia mpaka kwenye viwiko na kuomba mengine.

Sasa mtu wa namna hiyo ndiye tuliyemleta kuishi kwenye chumba cha chini ya nyumba yetu hapa Thunder Bay, Kanada, mwezi wa Novemba, theluji ikiwa imeshafika kwenye vizingiti vya madirisha.

Jina lake Sulo. Tangu mama afariki alikuwa akiishi peke yake shambani Lappe, na asingetoka huko kama si kuanguka. Alianguka kwenye banda la kuni mwezi wa kumi, akalala pale juu ya magome mpaka jirani aliyekuja kuomba msumeno akamkuta. Daktari akasema waziwazi kwamba mzee wa umri ule hawezi kukaa shambani peke yake kipindi cha baridi. Nilimsihi, nikagomba, nikanuna. Mwishowe akakubali, lakini kwa sharti.

"Nitakuja mpaka Mwaka Mpya," alisema. "Nikiona nawatia hasara, narudi kwangu. Na usije ukanililia."

Na baba yangu akisema jambo, limesemwa. Mimi nilijua kwamba akirudi Lappe Januari, theluji itakapoyeyuka sitamkuta hai. Nililijua hilo nikiosha vyombo, nikifuma, nikiwa kanisani. Kwa hiyo kazi yangu ilikuwa moja tu: chumba kile kiwe na joto, na joto lenyewe lisimtie baba aibu.

Chumba kilikuwa kizuri kwa macho. Reino, mume wangu, alikimalizia kwa mikono yake watoto walipohama: mbao za msonobari ukutani, zulia la kijani, taa yenye kivuli cha kitambaa. Lakini chini ya zulia ni zege, na chini ya zege ni udongo wa Thunder Bay, ambao Desemba huwa mgumu kuliko moyo wa mkopeshaji. Tukanunua hita ya umeme, tukaiweka karibu na kitanda. Nikaiwasha mwenyewe, nikahakikisha inatoa joto, nikapanda ngazi. Sijafika jikoni nikasikia *tak*. Ameizima.

Nikarudi. Nikamkuta kwenye kiti, amevaa koti la shambani, glavu, na ile kofia yake ya manyoya yenye masikio, anasoma gazeti.

"Baba, mbona umevaa kofia ndani ya nyumba?"

"Kichwa changu kiko ndani ya nyumba. Ningekiacha nje, kofia ingebaki nje nacho."

"Na hita?"

"Ilikuwa imechoka. Nimeipumzisha."

"Baba, tumeinunua kwa ajili yako!"

"Basi mmekosea. Mngenunua ng'ombe. Ng'ombe anatoa joto na maziwa."

Nikaiwasha. Akangoja. Nilipokanyaga ngazi ya tatu nikasikia *tak*. Hivyo ndivyo tulivyoishi wiki mbili za kwanza, mimi nikiwasha, yeye akizima, kama watoto wanaogombea kiberiti.

Ungedhani mume wangu angenisaidia. Thubutu! Reino ni mtu anayechemsha tena unga wa kahawa ya asubuhi apate kahawa ya jioni. Alikuwa amemwona mkwewe kama mtu amwonavyo mtakatifu.

"Umeona mzee wako?" aliniambia mezani, macho yanang'aa. "Huyo ndiye mtu! Haba na haba hujaza kibaba."

"Kibaba chako kitajaa siku ya mazishi," nikamwambia. Hasira zangu haziko mbali, nakiri. "Mzee anakohoa kule chini na wewe unamsifu! Fanya kitu!"

Akafanya, kwa kuwa Reino si mtu mbaya, ni bahili tu. Aliziba nyufa za madirisha kwa utepe wa karatasi na gundi ya unga, kama bibi zake walivyokuwa wakifanya. Aliling'oa lile zulia, akatandika mbao juu ya zege, kisha zulia, kisha mimi nikatandika juu yake mikeka yangu miwili ya vitambaa niliyoifuma mwenyewe. Miguu ya Baba ikapata nafuu. Akasifu mikeka. Lakini kuziba si kuwasha. Hewa ilibaki ile ile ya pishi la viazi, na kile kikohozi kidogo kikavu nilikisikia kikipanda kupitia sakafu ya jikoni kila nilipokaa kunywa kahawa.

"Kule Lappe," alisema siku moja, bila uchungu wowote, "angalau nachoma kuni zangu."

Nikapanda juu, nikafungulia bomba ili wasinisikie, nikalia.

Ikafika Jumamosi. Jumamosi kwetu, sisi wenye asili ya Ufini, ni siku ya sauna, yaani kuoga kwa mvuke, na sauna yetu iko huko huko chini, ukuta mmoja tu na chumba cha Baba. Reino aliijenga mwaka tuliohamia, kabla hata jiko la kupikia halijaunganishwa, na hakuna ndugu yetu aliyeona ajabu. Mimi huoga kwanza, wanaume wanafuata. Nilikuwa juu nakata mkate wa iliki niliposikia sauti ya mume wangu akitoka kwenye mvuke.

"Ee! Joto lote hili linapotea bure!"

Na huyo bwana, mwekundu kama nyanya, akafungua mlango wa sauna wazi kabisa, akafungua na mlango wa chumba cha Baba, mvuke wote ukamiminika ndani.

Nilishuka nikakuta wingu. Kitanda hakionekani. Kuta za baridi zilipopigwa na mvuke zikaanza kutoa jasho, maji yanatiririka kwenye mbao za msonobari, na kidirisha kikafunikwa na barafu nene kama kidole gumba. Katikati ya wingu hilo yuko Baba na taulo kiunoni, anakunywa kahawa yake kwenye kisahani, kipande cha sukari amekibana kwa meno.

"Kuna ukungu leo," akasema.

Nilimwambia Reino mambo ambayo hayaandikiki. Tukafuta kuta kwa mataulo mpaka mikono ikauma, tukaenda kulala.

Asubuhi ya Jumapili tuliamshwa na ngumi mlangoni huko chini. "Irja! Mumeo amenifungia!" Mbao za mlango zilikuwa zimekunywa mvuke usiku kucha, zimevimba, mlango umekwama kwenye fremu kama kizibo. Reino akarudi nyuma, akaja kwa bega, mlango ukaachia ghafla, naye akapitiliza mpaka juu ya mikeka yangu. Baba akamruka, akaenda chooni. Nilicheka mpaka nikakaa kwenye ngazi.

Ndipo akili ikanijia. Mzee aliyepita mbele yangu alikuwa na fulana tu. Kofia hakuna, koti hakuna. Usiku ule sikusikia kikohozi hata kimoja. Na jambo kubwa kuliko yote, hakuwa ameuliza nani analipa.

Kwa nini aulize? Kuni za sauna yetu ni kuni zake. Kila vuli amekuwa akizileta kwenye pikapu kutoka Lappe, amezipasua mwenyewe, amezipanga mwenyewe. Halafu tena kwa wazee wetu sauna haiko kwenye fungu la gharama. Iko fungu moja na kupumua. Moto wa hita ulimfanya mgeni anayetia watu hasara, lakini moto wa sauna ulikuwa wake.

Basi Jumanne, Reino akiwa kazini, nikaingia sauna nikawasha jiko. Nilishajua kosa la Reino liko wapi: watu wakimaliza kuoga hutupi tena maji kwenye mawe ya jiko, unatia vijiti vya mwisho, unafungua tundu la hewa, unangoja mbao zikauke ziwe nyeupe, ndipo unamfungulia Baba mlango. Joto kavu, bila wingu. Nilikuwa najisifu kimoyomoyo niliposikia hatua nyuma yangu.

"Leo nani anaoga?" Baba akauliza.

"Hakuna. Napasha chumba chako."

Alinitazama kama aliyenikuta naiba sadaka. Akachukua koleo, akafungua jiko, akazoa makaa yangu yote yaliyokuwa yanaanza kushika vizuri, akatoka nayo kwa mlango wa pembeni, akayamwaga kwenye theluji. Nikasikia yanavyolia.

"Sauna haiwashwi kwa ajili ya kuta," akasema. "Inawashwa kwa ajili ya watu."

"Baba!"

"Hata mama yako asingefanya hivyo."

Hapo hasira ikapanda mpaka kwenye nywele. "Unataka watu?" nikamwambia. "Watu unawataka? Ngoja nikuletee watu!"

Nikatoka vile vile na aproni na ndara za nyumbani, baridi ya nyuzi thelathini chini ya sifuri, nikapita kwenye uzio, nikagonga mlango wa jirani yetu Ersilia.

Mama Ersilia ni mjane wa Kiitaliano, anakaribia themanini, mfupi, mwenye sauti ya kuuza samaki. Majira ya baridi yote hujifungia ndani akilalamikia magoti yake. Alifungua, akaona ndara zangu.

"Nani kafa?"

"Hajafa mtu. Mama, kesho kutwa uje kuoga kwetu sauna."

"Mimi nivue nguo nyumbani kwa watu? Una wazimu, binti? Marehemu mume wangu tulikaa naye miaka arobaini na hajawahi kuniona taa ikiwaka!"

"Utaoga na mimi. Wanaume baadaye. Mama, ni dawa ya magoti."

"Magoti yangu hayana dawa, yana umri." Lakini hakufunga mlango. "Huyo baba yako mwenye kofia ya mbwa, na yeye yupo?"

"Yupo. Na kwetu mgeni anakuja na gogo lake la kuni. Mkono mtupu haulambwi."

Hili la mwisho nililiongeza mwenyewe, nikifikiria kuni za Baba zisije zikaisha kabla ya Machi. Lakini nilivyolisema lilisikika kama mila ya tangu enzi na enzi, na sasa limekuwa mila kweli.

Alhamisi akaja. Amevaa vazi la kuogelea lenye maua, kitambaa kichwani, koti la manyoya juu yake, na mkononi amebeba mguu wa kiti. Baba alikuwa mlangoni pa sauna, kwa kuwa nilipomwambia watu wanakuja alishika jiko asubuhi hiyo bila kuombwa. Akaupokea ule mguu, akavaa miwani, akaugeuzageuza.

"Mama, hiki ni kiti."

"Kilikuwa kiti. Mume wangu alikikalia maisha yake yote akininung'unikia. Kichome."

"Kina vanishi. Vanishi ikiungua kwenye jiko langu, kesho mtazika mtaa mzima."

"Jiko lako? Nilidhani ni la mkweo."

Baba akainamia jiko, akachochea moto. Lakini mimi nililisikia neno lile, "jiko langu," nikalibeba kifuani mpaka jioni. Mguu wa kiti aliuweka kando, akamwambia Ersilia arudi nao siku nyingine akiwa ameukwangua. Ersilia akamwambia atamkwangua yeye kwanza.

Ndani, nilipomwaga kata ya kwanza, Ersilia aliita watakatifu kwa majina, mmoja baada ya mwingine. Kata ya pili akavua kitambaa cha kichwani. Kata ya tatu akasema, "Mbona unamwaga kama unanyunyizia mchicha? Mwaga!" Tulipotoka alikuwa mwekundu, amelowa, na amesahau kabisa kitambaa chake kwenye ubao. Tukakaa chumbani kwa Baba, kahawa na mkate wa iliki, na soseji ambazo Ersilia alizionja akasema hazina ladha, wiki ijayo ataleta zake. Alikaa kwenye kiti cha Baba. Baba akasimama na kikombe chake dakika nzima kama mtu aliyepokonywa baiskeli, kisha akakaa kitandani.

Wiki iliyofuata akaja na mguu wa kiti umekwanguliwa mweupe pe, na soseji zake. Wiki hiyo hiyo nikamnasa Desmond, tarishi wa mtaa wetu, ambaye Jumanne hufika kwetu na vidole haviwezi kushika barua. Yeye akaja kuoga Jumanne na gogo la kweli la mti mgumu na Baba akampa mkono. Jumamosi ikabaki yetu, isipokuwa Ersilia alianza kuja na Jumamosi pia, akidai amepoteza hesabu ya siku.

Chumba kile kilibadilika. Ukishuka ngazi unakutana na joto kavu lenye harufu ya msonobari na kahawa, na makelele. Baba ndiye aliyekuwa mwamuzi wa kila kitu: saa ya kuwasha, kuni ipi itangulie, lini mbao zimekauka na mlango ufunguliwe. Reino alikatazwa hata kuugusa.

"Mkwe," Baba alimwambia, "mlango ule na wewe mkae mbalimbali kama paka na maziwa."

"Ilikuwa mara moja tu, mzee!"

"Na mimi nimezaliwa mara moja tu. Kaa."

Reino hakununa. Alikuwa ameshairudisha hita kwenye boksi lake na kulipandisha boksi juu ya kabati kwa furaha ya mtu aliyeshinda kesi. Jioni nyingine alinikumbatia jikoni akaninong'oneza, "Mgeni njoo, mwenyeji apone," nikamwambia aniache, nina unga mikononi, lakini sikumsukuma.

Lilibaki jambo moja. Joto halikufika asubuhi. Mawe ya jiko letu ni yale madogo yaliyokuja na jiko kutoka dukani, yakishika moto upesi yanaachia upesi, na ilipofika alfajiri chumba kilikuwa kimeshapoa. Baba hakulitaja. Lakini nilipoamka kuwasha taa ya jikoni nilikisikia tena, kile kikohozi kidogo, na nikishuka na kahawa namkuta kofia iko kichwani. Anaivua anaponiona.

Krismasi ikapita vizuri. Ersilia alikula kwetu, akasema samaki wetu wa Krismasi ananuka sabuni, akaongeza sahani. Siku mbili baadaye, tukiwa mezani asubuhi, Baba akaweka kisahani chake chini.

"Mkwe, kesho nipeleke Lappe."

Nikaweka mkate chini. "Kufanya nini?"

"Nina kazi."

"Kazi gani? Ng'ombe uliuza! Kuni zote ziko hapa! Kazi gani, Baba?"

"Irja, usipige kelele, nasikia vizuri."

"Umetutia hasara gani? Niambie! Hita iko kwenye boksi! Umekaa hapa mwezi na zaidi, nani amekulipia nini?"

Akapuliza kahawa yake. "Kesho saa nne," akamwambia Reino. "Njia itakuwa imesafishwa."

Nilikumbuka sharti lake. Mpaka Mwaka Mpya. Nilimwandalia kapu la chakula kwa hasira, mikate, siagi, samaki wa chumvi, soksi nilizomfumia, nikivitupia ndani kimoja kimoja ili asikie. Ersilia nilimpa habari kwenye uzio. Akapandisha mabega.

"Mwache aende, mzee mkaidi. Mimi nimpigie magoti?" Kisha akageuka upande wa barabara, ambako hakukuwa na chochote cha kutazama. "Halafu nani atanikagulia kuni?"

Kesho yake nikapanda pikapu pamoja nao. Nilisema nakwenda kuangalia mabomba kama hayajapasuka, ila ukweli ni kwamba sikutaka Reino ndiye awe wa mwisho kumwona kwenye ngazi ya ile nyumba. Baba alizima hita ya gari.

Lappe theluji ilikuwa imefika magotini. Nyumba imesimama kimya, hakuna moshi. Nikashuka na kapu nikaelekea mlangoni, nikageuka, Baba hakuwa nyuma yangu. Alikuwa anakata njia kuelekea sauna yake, ile ya magogo karibu na kijito, na alikuwa anavuta sleji, ule ubao wa kuteleza thelujini wa kubebea kuni.

"Reino! Njoo na magunia!" akaita.

Tulimfuata. Ndani kulikuwa na giza na baridi ya kukata, na harufu ile ya moshi wa zamani ambayo haitoki kwenye magogo hata yakae miaka mia. Baba alikuwa amepiga goti mbele ya jiko, amevua glavu, anatoa mawe. Mawe meusi, makubwa kama mikate, moja moja. Alikuwa analigonga kila moja kwa upande butu wa shoka na kulisikiliza. Lililolia vizuri akalipitisha kwa Reino, lililolia vibaya, lenye ufa ndani, akaliacha.

Nikasimama na kapu langu mkononi kama mjinga.

"Baba, unafanya nini?"

"Mawe yenu ya dukani yana joto la kuazima," akasema, bila kuinua kichwa. "Haya yanashika mpaka asubuhi. Haya tuliyaokota na mama yako kwenye kilima nyuma ya malisho, mwaka tuliojenga. Tuliyabeba mikononi. Yeye alikuwa na mimba yako, nikamkataza, akabeba."

Mimi na wadogo zangu tulizaliwa kwenye sauna ile, kwenye ubao wa chini, kama watoto wote wa mashamba yale siku hizo. Nilikuwa nimesimama hatua moja kutoka pale nilipoanza maisha, na baba yangu alikuwa analing'oa lile jiko tumbo lake.

"Na utakaporudi huku," nikauliza, "utaoga na nini?"

Ndipo akaniangalia, kwa mshangao kabisa, kama nimemuuliza kwa nini theluji ni nyeupe.

"Nirudi huku kufanya nini? Nikaoge peke yangu?" Akanipa jiwe. "Na Alhamisi yule mwanamke analeta mguu mwingine wa kiti. Unamwachia nani aukague? Mumeo?"

Nililia, na sikufungulia bomba lolote. Nililia nimekumbatia jiwe baridi kama barafu, na Reino akanishika bega, akasema tufanye haraka, springi za pikapu haziko vizuri, nikalia huku nacheka. Baba alifagia majivu ya jiko lake, akalifunga. Alipotoka alisimama mlangoni, akavua kofia kwenye baridi ile. "Haya, asante," akaiambia sauna, kwa sauti ya kawaida, kama anavyomwambia mtu aliyempisha mlangoni.

Jioni ile ile akapanga mawe yake kwenye jiko letu, makubwa chini, madogo juu, akayapasha polepole kwa saa nyingi, akimfokea kila aliyeuliza kama tayari. Ersilia alikuwa ameshafika na taulo, anasema kama ni kungoja hivi angekwenda zake Italia akarudi. Kulipokuwa tayari Baba akanipa kata.

"Mwaga wewe. Ya kwanza alikuwa akimwaga mama yako."

Nikaingia na Ersilia, nikamwaga. Maji hayakupasuka kwa kelele kama kwenye yale ya dukani. Yalizama kati ya mawe, kimya, kisha mvuke ukapanda polepole, mzito, laini, ukatufika shingoni kwanza. Nilikuwa sijaguswa na mvuke ule tangu mazishi ya mama. Ersilia, ambaye hanyamazi hata mbele ya padri, akafumba macho na kuinamisha kichwa.

Asubuhi nilishuka na kahawa kabla hakujapambazuka. Mlango wa sauna ulikuwa wazi, mawe bado yanapumua joto, na chumba kizima kilikuwa na uvuguvugu kama ndani ya kitambaa cha mkate. Kidirisha kilikuwa kikavu. Baba alikuwa bado amelala, mdomo wazi, anakoroma. Mguu wake mmoja ulikuwa umetoka nje ya blanketi, mtupu mpaka kwenye goti, umejinyoosha hewani.

Nikaweka kahawa chini, nikanyoosha mkono kuufunika. Kisha nikauacha.